Ruzuku ndogo ije na masharti madogo

Kwa miaka sita nilikuwa mweka hazina wa klabu ya mpira wa wavu ya wasichana. Vitendea kazi vyangu vilikuwa daftari la jalada gumu, kalamu mbili na bahasha ya risiti. Katika miaka hiyo tulipata ruzuku mbili kutoka nje ya klabu. Ya kwanza ilikuwa kubwa mara nne kuliko ya pili, na nusura ituvunje. Ya pili ilitubeba msimu mzima. Nimeitafakari tofauti hiyo kwa muda mrefu, na yeyote anayegawa pesa kwa vikundi vya watu wa kawaida ningependa anisikilize kwa jambo moja: pesa ikiwa ndogo, masharti yake nayo yawe madogo.

Nianze na ile ya kwanza. Fomu ilikuwa na kurasa 22. Ilidai katiba, cheti cha usajili, mihtasari ya vikao, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, jedwali la malengo na viashiria, na maelezo ya namna mradi utakavyojiendesha baada ya ufadhili kwisha. Sisi tulikuwa tunaomba wavu, mipira na nauli ya kwenda mashindanoni. Katibu wetu alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Aliijaza fomu ile kwa wiki tano, akiandika asubuhi kabla hajalala. Kocha akawa anaitwa kutoka uwanjani kuja kueleza walengwa wa moja kwa moja ni wangapi na wasio wa moja kwa moja ni wangapi. Kuna wiki mbili ambazo mazoezi hayakufanyika kabisa.

Pesa ziliingia miezi tisa baadaye, msimu umekwisha. Zilitakiwa zitumike ndani ya siku 90. Hazikuruhusiwa kulipa kodi ya uwanja, kwa kuwa hiyo iliitwa gharama ya uendeshaji, na fungu moja lilipaswa kwenda kwenye semina ya kujengewa uwezo. Basi semina tukafanya. Wasichana waliketi ndani siku nzima wakisikiliza mada ya uongozi, mfuko wa mipira umeegemea mlangoni. Halafu ikaja ripoti. Nauli ndiyo iliyonitesa: dereva wa basi dogo hatoi risiti, na mfadhili haitambui safari isiyo na risiti. Pengo lile tulilifidia mimi na mwenyekiti kutoka mifukoni mwetu. Katibu aliacha nafasi yake mwaka uleule. Hakugombana na mtu yeyote. Alichoka, na kikundi cha kujitolea kikishampoteza mtu wa aina ile hakuna ruzuku inayomrudisha.

Sisi angalau tulipata. Wako waliofanya kazi ileile wakajibiwa kwamba maombi yalikuwa mengi. Piga hesabu kwa mfano tu: vikundi 100 vinaomba, kila kimoja kinatumia saa 30 kuandaa andiko, na vinavyopewa ni 10. Hizo ni saa 3,000 za watu wasiolipwa, na 2,700 kati yake zimekwenda bure. Zilikuwa saa za kufundisha watoto, kusafisha mtaro, kuimba kwaya, kukaa na wagonjwa. Gharama hiyo haiandikwi kwenye ripoti ya mwaka ya mfadhili yeyote kwa sababu haitoki kwenye akaunti yake. Inatoka kwetu.

Najua jibu litakalokuja: pesa za watu lazima zilindwe. Nakubali, tena kwa moyo wote. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Nimewahi kuona kikundi kizuri kikisambaratika kwa sababu ya fungu moja lisilojulikana lilikokwenda, na majirani wakaacha kusalimiana. Ninachouliza ni nani hasa anaziona pesa zikitumika. Ofisi iliyo mbali inaona karatasi. Mwanachama anayekuja mazoezini kila Jumamosi anaona kama wavu mpya upo au haupo, na risiti haimdanganyi.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja: maji ya kumwagilia, misitu, malisho, maeneo ya uvuvi. Aliona kwamba mifumo iliyodumu muda mrefu ilikuwa na mambo kadhaa yanayofanana, likiwamo hili, kwamba wanaosimamia utunzaji ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao, na kwamba watumiaji wana sauti katika kutunga kanuni. Kwa klabu ndogo hilo lina maana rahisi sana. Watia saini wawe wawili au watatu. Hesabu isomwe kwa sauti kwenye kikao. Ukurasa wa mapato na matumizi ubandikwe mahali ambapo kila mzazi atapita. Mfadhili aombe nakala ya ukurasa huohuo, asiagize mwingine wa kwake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wangari Maathai na Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti iliyoanza mwaka 1977 nchini Kenya. Vikundi vya wanawake viliotesha miche, na wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopandwa ukashika. Tazama jinsi kipimo kile kilivyokuwa chepesi. Mti ama uko hai ama umekufa, na asiyejua kusoma anaweza kuuhesabu sawasawa na mwenye shahada. Pesa ilikuwa ndogo, kipimo ni kimoja, na kilikuwa kipimo cha kitu chenyewe walichokuwa wanakitafuta. Kwa njia hiyo ilipandwa miti mamilioni kwa makumi, na Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Sidai kwamba kila kazi ina mti wa kuhesabu. Kwaya haina, na klabu ya wazee wanaokutana kucheza bao na kujuliana hali haina. Lakini hata huko mtu anaweza kuuliza swali moja la kweli badala ya viashiria kumi na vitano: bado mnakutana?

Swali hilo ndilo linalonirudisha kwenye kodi ya uwanja. Wafadhili wengi wanapenda kitu kipya, kizinduliwe, kipigwe picha. Kikundi kinakufa kwa vitu vya zamani: kodi ya chumba, bima, makato ya benki, kufuli iliyovunjika, nguzo iliyoota kutu chini kwenye saruji. Hakuna anayejitokeza kuzindua kufuli. Hata hivyo ukiniuliza ni nini kilichoua vikundi ninavyovijua, nitakujibu kuwa ni pesa kidogo ya vitu kama hivyo kukosekana mwezi fulani, kisha watu wakakosa pa kukutania, kisha wakazoea kutokutana. Ruzuku inayokataza gharama za uendeshaji inakataza uhai wa kikundi.

Lipo pia pingamizi zito zaidi, na silipuuzi: kwamba pesa kutoka nje inaharibu moyo wa kujitolea. Ni kweli inaweza. Watu waliokuwa wakifagia uwanja bila kuambiwa wanaanza kuuliza fungu la usafi liko wapi. Waliokuwa wakiazimana viatu wanaanza kuviziana. Hiyo hutokea hasa pesa inapokuwa nzito kuliko mikono iliyopokea. Kwa hiyo sitamani ruzuku ndogo zigeuke kubwa. Udogo wake ni fadhila yake, mradi masharti nayo yasinenepeshwe. Na ije juu ya kitu ambacho wanachama wameshakianzisha kwa michango yao. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la misaada la CARE vilijengwa bila mtaji wa kugawiwa kutoka nje. Wanawake waliweka pesa zao wenyewe na kukopeshana. Pale mfumo huo ulipoenea, sanduku la kikundi kwa kawaida hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kikundi kilichojifunza kulinda senti zake hakihitaji semina ya kufundishwa kulinda za mgeni.

Nani aamue? Hapa wapo waliofikiri vizuri. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza mwaka 1992, na kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku moja kilikuwa dola 50,000. Katika kila nchi maombi huamuliwa na kamati ya humohumo nchini, ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Bado dola 50,000 ni mlima kwa klabu kama yetu, lakini kanuni ya kuacha uamuzi karibu na kazi ni sahihi. Porto Alegre nchini Brazili walikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 1989 wakazi wenyewe walikaa mikutanoni kupanga sehemu ya bajeti ya mji itengeneze nini kwanza.

Na kwa udogo halisi, Awesome Foundation iliyoanzia Boston mwaka 2009 inanivutia kwa urahisi wake. Watu kumi, kila mmoja anatoa dola 100 kwa mwezi, zinakuwa dola 1,000, wanasoma maombi mafupi, wanachagua moja, wanatoa. Hawadai hisa wala jina lao kwenye bango. Mtindo huo umenakiliwa katika miji ya nchi nyingi, na huhitaji jengo wala mkurugenzi kuuiga. Unahitaji watu kumi wanaoaminiana na siku moja kwa mwezi.

Ruzuku yetu ya pili ilikuwa ya ukoo huo. Kundi la watu waliowahi kusoma pamoja walikuwa wakichangishana kila mwezi ili kusaidia klabu za watoto. Fomu yao ilikuwa ukurasa mmoja wenye maswali manne: ninyi ni nani, mnafanya nini sasa, mnakwama wapi, mkipata kiasi hiki mtakitumiaje. Mwanamke mmoja kati yao alitupigia simu, kisha akaja uwanjani siku ya mazoezi bila kutangaza. Aliketi kwenye tofali, akatazama saa nzima. Alipoona wavu wetu, ambao kocha alikuwa ameufuma upya kwa kamba za nailoni za rangi tatu, alicheka kwa furaha na kuuliza nani mwenye mikono ile. Wiki tatu baada ya simu yake pesa zilikuwa kwenye akaunti, na sharti likawa moja: msimu ukiisha tumtumie nakala ya ukurasa wa daftari na tumwalike kwenye mechi moja.

Kuna mambo mengine ambayo ningewaomba wanaogawa, na nayasema kwa haraka kwa sababu hayahitaji falsafa. Kubalini maombi kwa lugha ambayo kikundi huitumia kikaoni, hata kwa ujumbe wa sauti, maana anayeandika vizuri si lazima awe ndiye anayefanya vizuri. Kikundi kisichosajiliwa kiruhusiwe kupokea kupitia kikundi kikongwe kinachokubali kukishikia pesa. Anayekosa aambiwe kwa nini, sentensi mbili zinatosha. Na kama mnaweza kutoa mara moja kiasi kikubwa au mara tatu kiasi kidogo kwa miaka mitatu, chagueni mara tatu. Mwaka wa kwanza kikundi kinaziba matundu. Mwaka wa pili ndipo kinaanza kupanga.

Afisa anayegawa pesa naye ana mkubwa wake anayemdai maelezo, na hilo nalielewa. Huenda fomu ile ya kurasa 22 haikutungwa na mtu mmoja. Iliota kidogo kidogo, swali hili likiongezwa kwa sababu ya tatizo la mwaka fulani, lile kwa sababu ya mwaka mwingine. Ndiyo maana napendekeza kila anayegawa aketi mwenyewe na fomu yake, saa mkononi, aijaze mwanzo hadi mwisho kana kwamba anaombea klabu ya mtoto wake, usiku, baada ya kutoka kazini. Ikimchukua zaidi ya saa mbili kwa pesa za mipira, aanze kufuta.

Ukurasa tuliomtumia yule mwanamke bado ninao, nilibaki na nakala. Una mistari saba. Wavu mmoja. Mipira minne. Kuchomelea nguzo mbili. Kodi ya uwanja, miezi mitano. Nauli ya safari tatu, na pembeni nimeandika "dereva hana risiti, kocha na wachezaji wawili wamesaini". Filimbi. Mstari wa mwisho ni salio, na chini yake kuna mwandiko wa mwenyekiti akiuliza kama turudishe. Tulimpigia simu. Alisema tununue mpira wa tano.