Juu ya Daraja, Ndani ya Ziwa

Mwezi uliopita nilivuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kwa dakika chache tu, juu ya lile daraja la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025, huku kifaa cha GPS nilichokinunua kwa fedha nzuri kikionyesha kwamba gari langu linaogelea katikati ya Ziwa Victoria. Kabla ya hapo kilikuwa kimeniamuru, bila hata chembe ya shaka, nielekee kivukoni nikapange foleni ya feri. Shemeji yangu, aliyeketi kando, alikitazama kioo cha kifaa, akayatazama maji, kisha akaniuliza kwa upole, "Shemeji, hiki ulikinunua au ulikiokota?"

Nilikinunua, tena baada ya kuuliza maswali mengi ambayo leo naona yalikuwa ya kipuuzi. Mwuzaji alinieleza kwa fahari kwamba kifaa kinapokea mawimbi ya setilaiti za Wamarekani, Warusi, Wachina na Ulaya, na nilipogusia ramani alinijibu kwa maneno matatu: "Afrika nzima imo." Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaridhika.

Kwa safari za gari, wingi wa setilaiti ni jambo la mwisho la kumnyima mtu usingizi. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa cha bei ya chini kikiona setilaiti nne mahali pa wazi kinakuonyesha ulipo kwa kupishana mita chache. Changu hakikukosea hata kidogo: nilikuwa pale pale kiliposema nipo. Kosa ni kwamba hakikujua kuwa pale pana daraja, na setilaiti isingeweza kukiambia, kwa sababu setilaiti hutangaza saa na mahali ilipo yenyewe, basi. Barabara huchorwa na watu na kuhifadhiwa ndani ya kifaa, na hubaki kama zilivyochorwa hadi mtu azibadilishe. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, la Tanzanite mwaka 2022 na la Kigongo–Busisi mwaka 2025, achilia mbali njia za vumbi ambazo katika miaka hiyo zimegeuka lami. Ramani ya mwaka 2014 haina habari na lolote kati ya hayo, hata ikiwa imewekwa ndani ya kifaa kilichotoka kiwandani juzi.

Kwa hiyo anayetaka kununua aulize kwanza ramani ni ya mwaka gani, kisha aulize kama kifaa kinakubali ramani ya mtu mwingine. Vifaa vingi vya Garmin, kwa mfano, hupokea ramani zinazotengenezwa bure kutokana na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo kwa Dar es Salaam imeshiba kwa sababu wanafunzi na wakazi wa mitaa inayofurika walizunguka wakaichora nyumba kwa nyumba chini ya mradi wa Ramani Huria, kuanzia mwaka 2015. Wapo pia Tracks4Africa, wanaouza ramani zilizojengwa kwa njia walizopita wasafiri wenyewe. Hayo maandishi ya "ramani za maisha" kwenye maboksi, yanayoahidi kuisasisha ramani bure, yasikupumbaze: maisha yanayohesabiwa ni ya kifaa, na anayeyahesabu ni kiwanda.

Kosa langu la pili lilikuwa kununua kifaa cha mkononi, kile cha watembea kwa miguu, chenye kioo kidogo ambacho dereva hukisoma kwa kuinamisha kichwa huku lori likimjia mbele. Nakiri, bila furaha, kwamba ukishaacha lami na kuingia Katavi au pembezoni mwa Ruaha kina heshima yake, kwani kinatumia betri mbili kama za saa ya ukutani, ambazo hata duka la kijijini huwa nazo, na kinarekodi njia uliyopita ili urudi nayo hiyo hiyo. Cha kubandika kwenye kioo cha mbele hukuelekeza kwa sauti barabarani, ila tundu la kuwashia sigara linalokipa umeme likifa, nacho hakichukui muda kulifuata. Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla ya safari inatosha kwa wengi wetu, mpaka jua la mchana liipike pale kwenye dashibodi.

Na atakayeingiza latitudo na longitudo kutoka ramani za karatasi za 1:50,000 abadili kwanza mpangilio wa kifaa: nyingi hufuata Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, ilhali GPS hufuata mfumo wa WGS 84, na asipobadili atakosea kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kumweka ng'ambo isiyo yake ya mto.

Niliporudi dukani sikudai fedha zangu. Niliuliza tu ramani ilikuwa ya mwaka gani. Mwuzaji aligeuza boksi huku na huku, akasoma pande zote, akalifungua na kuchungulia ndani. Alipokosa, aliniletea kifaa kingine chenye kioo kikubwa zaidi.