Orodha ya Wachangiaji Haitoshi

Yeyote aliyewahi kuingizwa katika kundi la WhatsApp la kuchangia bili ya hospitali anaijua orodha ile: jina, kiasi, kisha jumla inayohesabiwa upya kila mtu anapotuma chake. Naamini orodha hiyo hufanya kazi kubwa kuliko picha ya mgonjwa. Picha hutia huruma, lakini mwenye shilingi elfu moja mfukoni hujiuliza kimyakimya kama mchango wake hautapotea bure katika bili ya laki tisa, na swali hilo huruma hailijibu. Hujibiwa pale anapoona kwamba wenzake wametoa, na kwamba nao wanajua kuwa yeye ameona.

Jambo hili ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1885, Joseph Pulitzer alipokuwa akitafuta fedha za kujenga msingi wa Sanamu ya Uhuru, gazeti lake la New York World lilichapisha jina la kila mchangiaji bila kujali udogo wa alichotoa, na katika muda wa miezi mitano hivi zikapatikana dola zaidi ya 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Kwetu Kenya, ukame wa mwaka 2011 ulipozidi Turkana na sehemu nyingine za kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilitangaza lengo moja la shilingi milioni 500 na namba moja ya paybill, yaani ya kulipia kwa simu, 111111, vyombo vya habari vikiwa washirika. Lengo hilo lilipitwa. Kila aliyetuma alijua kwamba nchi nzima ilikuwa imesikia tangazo lile lile. Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi iliyoanza mwaka 2009, imeigeuza hofu ya kutoa peke yako kuwa kanuni: lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa fedha.

Hata hivyo, tunachoshirikishana katika michango yetu ya hospitali ni nusu ya habari, tena nusu isiyo muhimu sana. Orodha hutuambia nani ametoa. Haituambii bili hiyo ya laki tisa imehesabiwaje, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, imelipa kiasi gani, au kama hospitali imekubali kulipwa kwa awamu. Hayo anayajua mweka hazina na ndugu wawili watatu. Kinachonishangaza ni kwamba wachangiaji hao hao, wakikaa katika kamati ya harusi, hubishana vikao vitatu kuhusu bei ya keki na idadi ya kreti za soda, lakini mbele ya bili ya mgonjwa kuuliza huonekana ni ukatili. Matokeo yake ombi la pili likija, kundi zima hunyamaza, nasi tunasema watu wamechoka kuchanga. Kwa maoni yangu wengi hawajachoka. Hawajui tu fedha za kwanza zilikwenda wapi.

Wakati huo huo orodha inaanika kisichostahili kuanikwa. Mwenye mia mbili husubiri hadi apate elfu moja, au hujiondoa kwenye kundi usiku, kwa kuwa hataki jina lake lisomwe chini ya lile la binamu aliye Doha. Ningependa majina yaandikwe bila viasi, jumla iwe wazi kwa wote, na matumizi yaelezwe kwa kina kuliko michango.

Najua nitaambiwa kwamba ugonjwa ni siri ya mtu. Ni kweli, na hakuna haja ya kutaja maradhi: stakabadhi ya malipo inaweza kuwekwa kundini huku jina la ugonjwa na namba ya mgonjwa vikiwa vimefunikwa. Hospitali nyingi siku hizi zina paybill zao, hivyo fedha zinaweza kwenda huko moja kwa moja.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale mgonjwa anapofariki kabla bili haijakamilika, na kilichobaki kikahamishiwa kwenye mazishi. Familia inaweza kuwa na haki kamili ya kufanya hivyo, lakini uamuzi huo utangazwe katika kundi lile lile, siku ile ile, kwa kuwa ombi la mgonjwa mwingine litapelekwa kwa watu hao hao.