Uwele Uliokobolewa Mara Nne

Mara ya kwanza kwenda kushuti filamu Chamwino, Dodoma, nilibeba skripti ya kurasa nane. Nikamkuta bibi mmoja anatwanga uwele, nikamwomba arudie kwa sababu jua lilikuwa linaunguza picha. Akarudia. Nikahamisha stendi ya kamera, akarudia tena. Mara ya nne akasimamisha mchi, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huu umeshakoboka. Sasa natwanga nini?"

Sikuwa na jibu, ila nilishuti hivyo hivyo.

Kilichonibadilisha hasa ni kurudi na laptopu kuwaonyesha akina mama wapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kazi yao. Nilikuwa nimeweka kinanda laini juu ya picha zao, ngoma zimebanwa mapajani, mikono inaruka, na sauti yenyewe haisikiki. Wakacheka. Mmoja akauliza ngoma zao zimeenda wapi.

Baadaye nikajua kwamba yalishampata Mfaransa Jean Rouch, mhandisi wa barabara aliyegeuka mtengeneza filamu na mwanaanthropolojia. Kule Niger, katika miaka ya 1950, aliwaonyesha wawindaji wa kiboko filamu yao. Alikuwa ameweka wimbo wao wenyewe wa uwindaji, akidhani amewaheshimu. Wakamwambia autoe: kiboko angesikia, angekimbia.

Siku hizi siku mbili tatu za mwanzo kamera inabaki kwenye begi. Nasalimia "mbukwenyi", nakula mlenda, nauliza nani hapendi kupigwa picha na kwa nini. Wateja hawalipendi hili. Wanataka dakika tatu ndani ya wiki moja, na wengine huniambia kwa upole kwamba nimekuwa mvivu. Sawa. Lakini mimi naona filamu nyingi za "utamaduni wa Mgogo" ni skripti ya mjini iliyovalishwa shanga. Na sijiiti mwanaanthropolojia. Jina hilo bado linabeba harufu ya watu waliokuja kupima vichwa vya wazee wetu, halafu wakaondoka na daftari. Nilichochukua kwao ni subira tu, na ile tabia ya Rouch ya kurudisha picha kwa wenyewe kabla ya wengine kuiona.

Nilimpelekea na bibi wa uwele. Aliangalia kimya mpaka kile kipande cha mara ya nne, akasema, "Hapo nakutwangia wewe. Kitoe."

Nimekitoa. Ndicho kilichokuwa na mwanga mzuri kuliko vyote.