Namba kubwa za oksidi hazijaing'oa grafiti

Mwaka 2000, watafiti wa Amiens, Ufaransa, akiwemo Jean-Marie Tarascon, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo yaliyowashtua wanakemia wa betri. Chembe za oksidi (metali iliyoungana na oksijeni) za metali kama kobalti, zenye ukubwa wa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita, zikiwekwa kwenye elektrodi hasi, ncha hasi ya betri ya lithiamu, zilibeba takriban miliampea-saa (kipimo cha chaji) 700 kwa gramu. Kikomo cha grafiti, aina ya kaboni inayofanya kazi hiyo katika betri ya karibu kila simu, ni 372.

Wanaozitetea oksidi hizi wana hoja nzito. Ndani ya grafiti, lithiamu huingia kati ya tabaka, kisha hutoka. Kwenye oksidi ya kobalti, lithiamu huipokonya metali oksijeni yake, kobalti ikabaki vipande vya nanomita chache vilivyozama ndani ya oksidi ya lithiamu. Udogo huo ndio unaowezesha mmenyuko kurudi nyuma. Tena si lazima kobalti, ambayo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Kongo: oksidi ya chuma, jamaa wa kutu, ina kikomo cha kinadharia cha 1,007.

Hata hivyo, chaji nyingi si lazima iwe nishati nyingi. Oksidi hizi huachia lithiamu kwenye volti iliyo juu kwa karibu 1 kuliko ile ya kuipokea. Kwa hiyo betri inayochajiwa kwa takriban volti 3 huweza kurudisha umeme kwa takriban 2 tu. Kinachopotea huwa joto, kila mara inapochajiwa na kutumiwa. Kwangu mimi hili ndilo linaloamua kesi, na nasikitika kuona makala nyingi zikitangaza miliampea-saa na kulipita kimya. Udogo wa chembe nao una gharama: eneo kubwa la uso huozesha elektroliti, kimiminika kinachopitisha lithiamu kati ya elektrodi, na kumeza lithiamu tangu chaji ya kwanza.

Mojawapo ya oksidi zilizofika sokoni ni ya lithiamu na titani, yenye miliampea-saa 175 tu kwa gramu. Kampuni ya Toshiba ya Japani huiuza katika betri zake ziitwazo SCiB. Ujazo wake haubadiliki kwa kiasi cha maana, hivyo hustahimili maelfu ya mizunguko na kuchajiwa haraka, na hapo chembe ndogo husaidia kweli. Ni nzito kwa nishati inayobeba. Kwa simu haifai, kwa basi linalochajiwa kituoni inafaa sana.

Utafiti wa oksidi ya chuma uendelee, ila kila makala itaje pia ni asilimia ngapi ya nishati iliyoingia ilirudi, tena katika betri kamili, yenye elektrodi zote mbili.