Jamani, Kitanda Hakikuwa cha Rais

Naandika haya nimelala kifudifudi, simu nimeiegemeza kwenye mto, kwa sababu kukaa bado ni mtihani. Na naandika upesi, maana yule shoga yangu wa Mombasa (jina lake namstahi, ingawa yeye langu hakulistahi) ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye kundi letu la akina mama wa Lowell huku Marekani, na sauti yenyewe imeshavuka bahari. Leo alfajiri mama kanipigia kutoka Tanga. Hata shikamoo yangu hakuingoja.

"Mwanangu, ni kweli umevunja kitanda cha rais wa kwanza wa Marekani?"

Hapana. Naomba nieleweke. George Washington alizaliwa 1732, tena Virginia, kusini huko. Nyumba niliyoaibikia mimi ipo huku Massachusetts, ilijengwa miaka ya 1600, na kitanda chenyewe kimechongwa na fundi seremala aliye hai na anayelipa kodi. Hayo mengine yaliyomo kwenye ile sauti, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Mnaokaa huku mnazijua hizi nyumba za enzi ya ukoloni wa Mwingereza zilizogeuzwa makumbusho. Mbao nyeusi nje, paa la nyuma limeshuka kama kofia iliyomzidi mtu, dohani moja nene katikati, vidirisha vya vioo vidogo vidogo. Zina umri kuliko taifa lenyewe. Nyingi hazina hita, kwa hiyo kipupwe kikiingia hufungwa mpaka joto lirudi. Zikiwa wazi, kila msimu na jambo lake: masika ni kunyoa kondoo na kusokota sufu, vuli ni kukamua matufaha, halafu Desemba hufunguliwa tena kwa siku chache tu, jioni, kwa taa za mishumaa na nyimbo za Krismasi.

Mimi nazipenda, sijifichi. Watu wananicheka, eti umeacha nchi yako ukaja kutazama vyungu vya Wazungu. Lakini nikiingia jikoni mwao nikaona moto wa kuni, chungu cha chuma chenye miguu mitatu, mafungu ya majani ya dawa yaliyoning'inizwa darini, naona nyumba ya bibi yangu Muheza kasoro mnazi. Shoga yangu hakutaka kuja. Nilimburuta. Nikamlipia na kiingilio, dola 12. Yaani shahidi wa aibu yangu nilimnunua kwa fedha yangu halali.

Aliyetutembeza alikuwa mama wa makamo, kofia nyeupe ya kitambaa, aproni, sketi ya sufu hadi vifundoni. Anaijua kazi yake, tena ana ucheshi. Alituanzia na kichekesho cha kwao: Wapuritani, wale Wakristo wa Kiingereza wenye msimamo mkali waliozijenga nyumba hizi, Krismasi walikuwa hawaitaki kabisa. Mwaka 1659 baraza la koloni lilipitisha sheria, atakayeonekana anaisherehekea, faini shilingi 5. Haikufutwa mpaka 1681. Shoga akaninong'oneza, "Bora hao. Sisi tumeshatozwa mlangoni."

Halafu akafanya kosa la kuniuliza natokea wapi.

Nikasema Tanga, Tanzania, jirani na Zanzibar. Macho yakamng'aa. "Zanzibar! Meli za Salem!" Nyie, hapo ndipo nilipopotea. Maana Salem ni mji wa bandari huku huku Massachusetts, na habari hiyo naijua. Nakaa Lowell, makumbusho ya viwanda vya nguo yapo palepale mjini, siku ya mapumziko naenda kupasha miguu huko. Basi nikajikohoza, nikawaambia kundi zima kwamba kile kitambaa bibi zetu walichokiita merikani hakikuitwa hivyo bure, kilifumwa huku huku Massachusetts. Meli za Salem zilikipeleka Unguja, zikarudi na pembe, karafuu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Nikawapa na mkataba wa Sayyid Said na Marekani, 1833. Nikamalizia na konsuli wao wa kwanza Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem, aliyefika 1837.

Watu kumi na wawili walinyamaza kunisikiliza. Babu mmoja alivua kofia. Mimi kazini nawaogesha wazee na kuwabadilishia mashuka, na wengi wao hata jina langu hawaliwezi. Sasa hapa nimevuliwa kofia! Sifa zikanipanda mpaka kwenye utosi. Shoga anasema nilianza kutembea kifua mbele, na hapo siwezi kumbishia.

Tukapanda juu. Ngazi zinazunguka dohani, nyembamba, na mimi nimevaa lile koti langu la manyoya ya bata, refu, linalomfanya mtu aonekane godoro lililosimama. Ndani ya koti nimejifunga kanga kiunoni kwa ajili ya baridi. Ishikeni hiyo kanga, tutairudia.

Chumba cha juu kina sakafu ya mbao pana, na mbao hizohizo ndizo dari ya sebule ya chini. Ukiinama unaona mwanga wa mishumaa kwenye nyufa. Chini kulikuwa na waimbaji watatu na mpiga fidla. Na hapo, katikati ya chumba, kitanda.

Nyie! Kitanda cha kamba! Fremu ya mbao, kamba zimepitishwa huku na huku kama wavu, godoro la majani limekunjiwa upande mmoja ili tuone. Mama akatuonyesha na kifaa cha kukazia, gogo lenye meno kama kibanio cha nguo kilichokomaa. Akaeleza kwamba kamba hulegea kadiri watu wanavyolala, kwa hiyo kila baada ya muda lazima zikazwe. Akasema, na maneno haya nayasikia mpaka sasa, "Mnaweza kubonyeza kwa mkono."

Kwa mkono.

Inasemekana aliongeza kwamba kamba zimelegezwa makusudi, maana watoto wa zamu inayofuata wangekuja kujifunza kukaza. Hilo mimi sikulisikia. Nilikuwa namweleza yule babu wa kofia kwamba kitanda hiki kwetu kina jina lake kamili.

"Teremka tukaze," nikasema kwa sauti. Nikawatafsiria: shuka kitandani, tukikaze. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama wa makumbusho akaniomba nirudie, akajaribu, "Te-re-mu-ka," na wengine wakajaribu, watu wa Massachusetts wote mle ndani wanaimba teremka tukaze. Babu akauliza, lakini mtu unalalaje juu ya kamba tupu?

Mngekuwa nyie mngejibu kwa mdomo. Mimi nikasema, "Ngoja nikuonyeshe."

Sasa twende polepole hapa, maana shoga alipafupisha.

Nikageuka nikakipa kitanda mgongo. Nikakusanya koti kwa mikono miwili, kama bibi harusi. Nikamwona shoga yangu anatikisa kichwa, nikafikiri ni wivu. Nikakaa.

Mwanzo, hakuna kitu. Kamba zikanipokea, zikalia "kriiii", nami nikawatazama watu kwa tabasamu la mtu aliyefika kwao. Naapa nilipata hata muda wa kumkumbuka bibi, alivyokuwa akinipisha kwenye kitanda chake mchana, na alama za kamba zilivyokuwa zikinibaki mapajani.

Halafu nikasikia "tuk". Kidogo tu, kama mtu kabana ulimi. Kamba moja imetoka kwenye kigingi chake. Na kamba za kitanda hiki ni moja ndefu, nyie, inazunguka yote. Ikitoka hapa, kule inakuja. Tuk. Tuk-tuk. Nikahisi makalio yanaanza safari bila mimi. Nikashika fremu, lakini vidole vilikuwa ndani ya glavu za sufu, vikateleza. Kiuno kikazama. Magoti yakapanda, yakanipita masikio. Zile buti zangu za theluji nikaziona zimesimama juu mbele ya uso wangu, na kwenye soli ya kushoto kumenata karatasi ya peremende. Nikawaza, hii karatasi nilikanyaga wapi? Ndivyo akili inavyofanya kazi wakati wa maangamizi. Koti nalo likajaa hewa, likanipanda mpaka kidevuni, "pfuuu".

Nikadhani nimefika mwisho. Sikuwa nimefika. Chini ya kitanda waliweka poti. Ndiyo, poti, ya bati, yenye mfuniko, ya kuonyesha watu wa kale walivyojisaidia usiku. Nilitua hapo. Mfuniko ukaruka, ukagonga sakafu, ukazunguka kwa ukingo wake, ngwaaa-ngwaa-ngwa-ngwangwangwa, kwa muda ambao ungetosha kukaanga yai.

Fidla ikanyamaza. Waimbaji wakanyamaza. Vumbi la miaka mia tatu na ushei likapita kwenye nyufa, na chini mtu akapiga chafya.

Katika ukimya ule mtoto mmoja akamvuta mama yake mkono, akauliza vizuri kabisa: "Na huyu ni wa maonyesho?"

Sikuweza kujibu. Nilikuwa nimekunjika kama mkeka. Nilichobakiwa nacho ni macho na buti. Nikamtafuta shoga yangu anisaidie, nikamwona ameshika ukuta, machozi yanamtoka, simu anayo mkononi. (Picha anasema hakupiga. Tutajua siku ya kiama.)

Mama wa kofia nyeupe akawa anasema tulia, tulia, nisijikate. Babu na kijana mmoja mwenye ndevu wakanishika mikono, wakavuta. Nikatoka nusu. Koti likabaki limenasa kwenye kigingi, likajikunja juu, na hapo ndipo kanga ilipotokeza hadharani, upande wa maneno, panapokaliwa.

Yule kijana, kwa heshima zake zote, akauliza imeandikwa nini.

Ningeweza kusema ni maua tu. Shoga, aliyekuwa hawezi hata kupumua, ghafla akapata pumzi. Akasogea, akainama, akasoma kwa sauti kama mtangazaji: "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Akawatafsiria. Ukiviona vyombo vinaelea ujue kuna mtu alikaa akaviunda. Wakakitazama kitanda. Wakanitazama mimi. Nacho kilichokuwa kimeundwa nilikuwa nimeshakizamisha.

Mtu wa Tanga! Mkoa wa mkonge! Nimezaliwa kwenye harufu ya katani, halafu nakuja kuaibishwa na kamba ugenini.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikanyanyuliwa. Sikuvunja kitu, kamba zilitoka tu kwenye vigingi, na poti imebonyea kidogo ubavuni, wamesema wataiacha hivyo. Nilitoa pochi nilipe, wakakataa. Nikatia dola 20 kwenye sanduku la michango, nikanunua na mshumaa nisioutaka. Mwuguzi mmoja aliyekuwamo kundini akanibonyeza kiuno palepale sebuleni, akasema ni jeraha la nyama, litajipa lenyewe. Tulipokuwa tunatoka, watoto wa zamu iliyofuata walikuwa wanapanda ngazi, na huko juu nikamsikia mama wa kofia nyeupe akiwafundisha, taratibu, silabi kwa silabi: "Te-re-mu-ka tu-ka-ze." Kwa hiyo hilo nalo lipo sasa, na limepita kwangu.

Ndani ya gari shoga aliniapia kwa jina la marehemu baba yake kwamba hatasema. Tulikuwa hatujamaliza taa ya pili ya barabarani simu yangu ikaanza kulia.

Sasa nyie mnaouliza tangu asubuhi kama nitafukuzwa nchi: hapana. Mnaouliza kama ni kweli polisi walikuja: waliokuja ni waimbaji, kutoka chini, kunipa pole, na mmoja alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Na wewe wa Worcester uliyeniwekea picha ya poti kwenye status yako na jina langu, tutaonana arusini mwezi ujao, viti vikiwa tayari.

Mama nilimsimulia yote, kama nilivyowasimulia nyie, ila poti nikairuka. Akanisikiliza kimya mpaka mwisho. Nikadhani analia.

"Hiyo kamba," akasema, "ilikuwa ya nini?"

"Ya katani, mama."

"Katani ya kwetu?"

"Sijui, mama. Nafikiri ni ya huku huku."

"Basi," akasema. "Nilijua tu. Ya kwetu isingekuachia." Akakata simu, na sasa hivi najua yuko kwa jirani.