Kilomita 9 za Kilimambogo

Mimi sina ugomvi wowote na milima. Ugomvi wangu ni na barabara ya magari inayopandwa kwa miguu, na hasa ile ya mlima wa Kilimambogo, huko Kenya upande wa Thika, ambayo shemeji yangu alinipeleka kuipanda siku ya Jumamosi, wakati watu wenye akili timamu walikuwa bado wamejifunika blanketi.

Njia ya miguu, ile iliyochongwa na ng'ombe na watu wanaotafuta kuni, ina utu wake: inapanda moja kwa moja, inakutesa kwa muda mfupi, kisha inakuachilia uende zako. Barabara ya magari haina huruma hiyo. Aliyeichora alikuwa akiifikiria injini wala hakuyafikiria magoti, kwa hiyo inauzunguka mlima taratibu, inakupeleka huku, inakurudisha kule, na baada ya kutokwa na jasho jingi unachungulia bondeni na kuliona lango ulipolipia kiingilio likiwa pale pale, karibu kiasi cha kutamani kurudi kudai chenji. Kutoka langoni hadi kileleni ni kilomita 9, na kilele chenyewe kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Sijui kwa nini shemeji alizitaja takwimu hizo kwa furaha.

Na laiti ingekuwa barabara kweli! Sehemu nyingine tulizopita zilikuwa zimeota nyasi katikati, vichaka vya kando vilikuwa vimeinamiana juu ya vichwa vyetu, na mvua ilikuwa imechimba mifereji pale pale ambapo magurudumu yangepaswa kupita. Hatukukutana na gari hata moja, jambo ambalo lilinifunza kwamba madereva ni watu wenye busara. Nilipogusa upupu na kuanza kujikuna hadi shingoni, shemeji aliniambia nivute hewa safi.

Kwa kuwa mlima huu ni wa nyati, anayepanda kwa miguu huandamana na askari mwenye bunduki. Wetu alikuwa kijana mwembamba aliyetembea na mabuti mazito bila kutoa hata tone la jasho, tabia ambayo mimi huichukulia kuwa ni dharau.

"Afande, tukikutana na nyati hapa tutafanya nini?" nilimuuliza.

"Mtatulia."

"Na wewe?"

"Mimi nina bunduki."

Baada ya kama kilomita 7 tulifika makaburini. Hapo amelala William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa Juja, ambako alimkaribisha Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, mwaka 1909. Kando yake yupo mkewe Lucie, ambaye kwa kumkumbuka alijenga maktaba ya McMillan iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, na yupo pia Louise Decker, mtumishi wao. Husimuliwa kwamba bwana huyo, ambaye alikuwa na mwili mkubwa ajabu, alitaka azikwe kileleni kabisa, lakini alipofariki mwaka 1925 chombo kilichobeba jeneza kilishindwa na mwinuko, basi waombolezaji wakaamua kwamba hapo hapo panafaa.

Niliketi karibu na kaburi nikatafakari. Mtu alikuwa na fedha, ana cheo, ana watu wa kumbeba, wala hahitaji tena miguu yake mwenyewe, na bado barabara hii ilimkatalia. Sembuse mimi niliyekuja na chupa ya maji na viazi vitamu viwili vya kuchemsha! Nilimweleza shemeji kwa upole kwamba, kwa heshima ya marehemu, na sisi tuishie hapo.

"Lakini yeye alikuwa amekufa," akasema shemeji.

Nilimjibu kwamba tofauti hiyo ilikuwa ikipungua kila kona.

Tulifika. Shemeji alikuwa ameniahidi kwamba kukiwa kweupe kileleni huonekana Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Mimi niliona ukungu pande zote, na ndani ya ukungu huo minara ya mawasiliano. Angalau, nikajisemea, hapa simu itashika vizuri kuliko mahali popote nilipowahi kusimama. Ilishika kweli. Nilimpigia mke wangu nimweleze jinsi shemeji alivyonitesa, na kabla haijaita, sauti nyororo ya mwanamke ikanijulisha kwamba sina salio la kutosha.

Zilikuwa zimebaki kilomita 9 za kushuka, kwa kona zile zile, na magoti yalikuwa yameanza kuzungumza. Nilimvuta askari kando nikamuuliza kama hakuna njia fupi, iliyonyooka, ya watu wa kawaida.

"Ipo," alisema, "ila hiyo ni ya nyati."