Gemu Yenye Sura Mbaya Niliyoimaliza Mara Nne

Mdogo wangu alipita nyuma yangu, akachungulia kioo cha kompyuta, akauliza, "Kaka, hiyo Excel?"

Sikumlaumu. Gemu yenyewe, Geneforge, haina sura. Imetengenezwa na Spiderweb Software, kampuni ndogo ya Seattle, Marekani, aliyoianzisha Jeff Vogel mwaka 1994. Watu wake ni vidoa vinavyotembea, muziki karibu hakuna, na maneno ni mengi kama hukumu ya mahakama. Lakini mtu akiniuliza aanzie wapi na gemu za mtindo wa kale za kuvaa uhusika, namtajia hiyo.

Wewe ni mwanafunzi wa Shapers, mimi huwaita Wafinyanzi: watu wanaofinyanga viumbe hai kwa uchawi, kisha wanawatumikisha. Chombo chako kinashambuliwa, unaishia kisiwa cha Sucia, ambacho mabwana zako walikihama zamani na kupiga marufuku mtu kukikanyaga. Viumbe watumwa walioachwa huko bado wapo. Wamezaana, wamejitawala, na sasa wamegawanyika makundi matatu: wanaowasujudia Wafinyanzi mpaka leo, wanaotaka kukaa nao sawa kwa sawa, na wanaotaka damu. Kila kijiji kinakuona wewe ndiye bwana aliyerudi. Mara ya kwanza kunyenyekewa namna ile, nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye, ila kufurahi nilifurahi.

Halafu kuna makopo ya uchawi. Ukitumia moja unapata nguvu papo hapo, bila kutoka jasho. Ukizidisha, kiburi kinakupanda, na hadithi inakuja kukudai mwishoni. Hakuna anayekukataza.

Ya asili ilitoka 2001. Chukua iliyofanywa upya, Geneforge 1 – Mutagen ya 2021. Laptopu yangu ya mtumba, isiyo na kadi ya picha, inaicheza bila feni kupiga kelele. Kiingereza chake kizito kidogo, weka kamusi karibu.

Ukimaliza, nenda Underrail (2015) ya Stygian Software wa Serbia, ambako binadamu wamehamia kwenye stesheni za treni chini ya ardhi. Chagua mfumo wa Oddity: unapanda ngazi kwa kuokota vitu vya ajabu, si kwa kuhesabu maiti. The Age of Decadence nayo ni ya 2015, nayo ni nzuri, lakini usianze nayo. Inaua hovyo.

Yule wa Excel? Jana nimemkuta yuko kopo la saba.